Fungu la mjane lilikuwa kutunzwa



Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, husikika hotuba zinazofanana kama mapacha. Msemaji husimama, huwasifu wazee, hugawa blanketi na miche ya sabuni, kisha husema kwamba Wazungu huwapeleka wazee wao katika makao, bali sisi Waafrika hatuna tabia hiyo. Sisi mzee tunaishi naye nyumbani. Watu hupiga makofi. Nami nimeyapiga makofi hayo mara nyingi. Lakini likiulizwa swali dogo la kihistoria, yaani mzee huyo alitunzwa na nani hasa, kwa mikono ya nani, na gharama yake ilitoka wapi, makofi hupungua. Leo nataka tulitazame swali hilo, na ili tusipotee katika bara zima, tulitazame kutoka mahali pamoja ninapopafahamu: Nyambureti, wilayani Serengeti, mkoani Mara.

Jina hilo lenyewe lina habari ndani yake. Kwa Wakurya, kila mtu huzaliwa katika kizazi chenye jina, kinachoitwa irikora. Upande mmoja wako Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa pili wako Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma. Mtoto wa Msaai huwa Mnyambureti, mtoto wa Mnyambureti huwa Mgamunyere, wa Mgamunyere huwa Mumaina, kisha duru hurudi ilikoanzia. Mtafiti wa Kiingereza Malcolm Ruel aliyaandika mambo haya mwaka 1962, lakini wenyewe walikuwa hawahitaji kitabu. Mgeni akiingia bomani, kabla ya kuulizwa anatafuta nini, aliulizwa ni wa kizazi gani. Akiwa wa kizazi cha baba yako, ulimwonea haya na kumpisha njia. Akiwa wa kizazi cha babu yako, mlitaniana kama watoto.

Naomba ulishike hilo, msikilizaji, kwa sababu halikuwa jambo la salamu tu. Liliamua nani anaweza kumgusa nani. Na kumtunza mzee, ukiondoa maneno mazuri yote, ni kazi ya kumgusa.

Mwaka 1963 daktari wa Marekani aitwaye Sidney Katz, aliyefanya kazi na wenzake katika mji wa Cleveland miongoni mwa wazee waliovunjika nyonga, alitoa kipimo ambacho wauguzi wa dunia nzima wanakitumia mpaka sasa. Aliuliza mambo sita tu: Je, mzee anaweza kuoga mwenyewe? Kuvaa? Kwenda msalani? Kuinuka kitandani na kukaa kitini? Kuzuia haja zake? Kula kwa mkono wake? Akaona kwamba uwezo huo hupotea kwa mpangilio. Kuoga hutangulia kuondoka, na kula huwa kwa mwisho, karibu kinyume cha jinsi mtoto mchanga anavyojifunza. Ukitaka kujua kama jamii inawatunza wazee wake, chukua mambo hayo sita, nenda boma kwa boma, ukaulize kila moja lina mwenyewe?

Katika boma la Kikurya la zamani yalikuwa na wenyewe. Kila mke alikuwa na nyumba yake, mlango wake, moto wake na akiba yake ya nafaka. Mama alipozeeka hakuhamishiwa chumba cha uani kwa mwanawe. Alibaki katika nyumba yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka nyumba za wakwe, na wajukuu walipelekwa kulala naye. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa na miaka saba au minane nililala katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama, na usidhani nilipelekwa kudekezwa. Nilipelekwa kazini. Nilichochea moto usiku, nilimtafutia fimbo yake, nilimwongoza nje alfajiri, na jioni ng'ombe waliporudi nilimtajia rangi zao mmoja mmoja, kwani macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Akihesabu kwa vidole alijua kama yupo aliyepotea. Nilikuwa macho yake, naye alinilipa kwa hadithi, na kwa utani ambao mama yangu hangethubutu kumfanyia hata siku moja.

Hapo ndipo irikora ilipofanya kazi. Mjukuu aliweza kumshika bibi mkono, kumsugua mgongo, kumcheka akijikwaa, na yeye kumcheka mjukuu. Mwana wa kiume hakuweza. Na mkwe wa kike hakuweza kabisa kumwogesha baba mkwe. Kwa hiyo mzee wa kiume aliyefiwa na mkewe alikuwa katika hali ngumu kuliko tunavyofikiri: alikuwa na heshima ya ukaro, yaani cheo cha wazee waliokwisha kufanyiwa sherehe zao, alikuwa na neno katika baraza, lakini maji ya kuoga yaliwekwa mlangoni na aliyeyaleta akakimbia. Ndiyo maana wazee wengi walioa mke mdogo wakiwa na mvi kichwa kizima. Sisi vijana tulicheka na kusema mzee ana tamaa. Baadaye, nilipoona mwenyewe kazi ya kumtunza mtu asiyeweza kuinuka, nilielewa kwamba baadhi ya ndoa zile zilikuwa ni kuajiri muuguzi kwa ng'ombe.

Hapo tumefika kwenye gharama.

Mahari ya Wakurya imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa mahari kubwa za Afrika Mashariki. Ng'ombe walioingia kwa ndoa ya binti hawakukaa. Walitoka tena kumwolea kaka yake, na yule mke aliyeletwa kwa ng'ombe hao ndiye aliyekuja kumtunza mama yao wote wawili. Ni mzunguko mmoja: binti anaondoka, ng'ombe wanaingia, mkwe anakuja, mama anapata mikono ya uzeeni. Mzunguko huo ulipokatika watu waliangamia, na ulipata kukatika vibaya sana. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipopita katika Afrika Mashariki na kumaliza mifugo, njaa ilifuata, na katika njaa asiyeweza kutembea kwenda kutafuta chakula ndiye wa kwanza kubaki.

Lakini hata katika miaka ya neema mzunguko ulikuwa na tundu. Mama aliyezaa mabinti watupu aliingiza ng'ombe, ila hakuwa na mwana wa kumwolea. Akifiwa na mume, hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Serikali ya Tanganyika huru ilipokusanya na kutangaza sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, iliandika kanuni ambayo kila mtu anayezungumzia wazee wetu angepaswa kuisoma. Inaeleza kuwa mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Isikilize vizuri kanuni hiyo. Wengi wameipinga, na kwa haki. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa ushindi wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliokuwa wamenyang'anywa nyumba zao kwa sheria hizo. Lakini mwanahistoria anaona humo kitu kingine pia. Waandishi wa sheria walitambua kwamba matunzo ni mali. Waliyaweka katika mizani moja na shamba na ng'ombe, wakasema wengine wachukue shamba, huyu achukue matunzo. Shida ni kwamba shamba halikimbii. Matunzo hutegemea kuwepo kwa mtoto, na kwa desturi ya ukoo wa baba mtoto huyo alikuwa wa kiume, kwa kuwa wa kike amekwisha kuhamia kwa watu wengine.

Bibi yangu alizaa mabinti watatu. Hakuzaa mwana.

Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya mama yangu walikaa zizini kwa bibi muda mfupi tu. Aliwachukua akaolea. Ndiyo, msikilizaji: bibi yangu alioa. Jambo hili huitwa nyumba ntobhu, na linajulikana kwa Wakurya, kwa Wangoreme na kwa majirani wengine wa Mara. Mwanamke asiye na mwana hutoa mahari na kumleta msichana, ambaye Wakurya humwita mokamona, yaani mkwe, mke wa mwana. Hakuna mambo ya chumbani kati yao. Msichana hupata watoto na mwanamume anayekubalika, na mwanamume huyo hana dai lolote juu yao. Watoto ni wa nyumba ile, hubeba jina la mume wa yule mama na kurithi mashamba yake. Mtafiti wa Kiswidi, Eva Tobisson, aliyeishi Tarime na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alieleza jinsi ng'ombe wa binti wanavyogeuka kuwa mkwe kwa njia hii. Kwa hesabu za ukoo, mokamona wetu aliolewa na mjomba wangu. Mjomba huyo hakuzaliwa. Hata hivyo tulimheshimu mkewe kama mke wa mjomba, na watoto wake ni binamu zangu bila shaka yoyote.

Wageni wakisikia habari hii hufikiria mapenzi. Wengine hufikiria ushirikina. Mimi naiona kama bima ya uzee, iliyobuniwa na wanawake waliosukumwa ukutani na kanuni za urithi. Na ilikuwa bima yenye akili, kwa sababu iliondoa ile haya niliyoieleza: mkwe ni mwanamke, mama ni mwanamke, hakuna mume katikati, kazi ya kugusa ikawezekana.

Iliwezekana kwa nani, ndilo swali. Miaka mitatu ya mwisho bibi alipoteza karibu yote sita ya daktari Katz. Alianza kukataa kuoga, akisema maji yanamwuma. Kisha hakuweza kuinuka. Kisha hakuweza kujizuia. Mokamona alichana kanga zake kuukuu zikawa vitambaa, akavifua kila alfajiri mtoni kabla wenzake hawajafika kuchota maji, kwa kumsitiri mama. Alimgeuza ubavu huu na ubavu huu usiku ili mgongo usifanye vidonda, jambo ambalo nilikuja kulisikia likifundishwa kwa wauguzi. Alimponda ndizi, alimpoza uji wa wimbi, alimlisha kwa kijiko taratibu asipaliwe. Akili nayo ilikwenda. Bibi alikuwa akimwita mokamona kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na magharibi alianza kulia kwamba anataka kurudi kwao, kwa baba yake. Mokamona hakubishana naye. Alimfunga khanga, akamtoa nje, akatembea naye kuzunguka boma kwa kumbeba nusu, akamrudisha mlangoni na kumwambia, "Haya mama, tumefika." Bibi akatulia.

Wakati ule tulisema ni uzee tu, au tulinong'ona kwamba karogwa. Siku hizi ina jina. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, na kuchapishwa baadaye, ulionyesha kwamba watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu wa kusahau ambao madaktari huuita dimensha. Huo si uchunguzi wa Ulaya. Ni wa vijijini kwetu. Na tukumbuke kwamba katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anayesema peke yake na kutangatanga usiku, amepata kuuawa kwa panga kwa kudhaniwa mchawi. Mmoja hupata mkwe wa kumzungusha boma. Mwingine hupata panga. Dalili ni zile zile.

Mokamona hakuulizwa kama anataka kazi ile. Alikuja kwetu akiwa msichana, kwa sababu baba yake alihitaji ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mbele ya mahakama mtu kama yeye hana ndoa ya kudai chochote. Ni kweli kwamba waandishi waliofika Tarime katika miaka ya 2010 waliwakuta wasichana wakisema wanapendelea nyumba ntobhu kuliko mume, kwa sababu humo hakuna wa kuwapiga. Maneno hayo yanasema mengi juu ya waume kuliko juu ya nyumba ntobhu. Ninachotaka kusema ni kwamba tunapojisifu kuwa sisi tunawatunza wazee wetu, neno "sisi" mara nyingi lina maana ya mwanamke mmoja kijana, aliyeletwa kwa ng'ombe, anayefua vitambaa gizani.

Na wale ambao hawakuwa hata na huyo? Hapo ndipo yalipoanza hayo makao tunayosema hatuna.

Tunayo, na tumekuwa nayo muda mrefu. Chanzo chake hakikuwa huruma kwa wazee. Chanzo kimoja kilikuwa ukoma. Tangu enzi za Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza na wamisionari, wagonjwa wa ukoma walitengwa katika vijiji vyao. Hapa Mara, wamisionari wa Kimenoni waliofika Shirati mwaka 1934 walikuja kuwa na kituo cha wagonjwa hao. Dawa zilipopatikana, ugonjwa ukapona lakini vidole havikurudi, wala ndugu hawakurudi. Waliopona wakabaki pale pale wakazeeka, na vijiji vya wakoma vikageuka makazi ya wazee. Nunge ya Kigamboni na Bukumbi ya mkoani Mwanza ni mifano. Chanzo cha pili kilikuwa mji. Sheria ya mafukara ya mwaka 1923 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini watu wasio na riziki na kuwarudisha kwao, na siku zote walikuwepo wasio na kwao. Idara ya Ustawi wa Jamii ilipoanza, baada ya Vita Kuu ya Pili, shabaha yake ya kwanza ilikuwa askari waliorudi vitani, na Wakurya walikuwa wengi miongoni mwa askari. Mafukara na wazee waliingia katika orodha yake baadaye.

Ndiyo maana makazi ya serikali huitwa hadi leo makazi ya wazee na wasiojiweza, maneno mawili yaliyofungwa pamoja kama pingu. Mkoani kwetu yapo ya Nyabange, wilayani Butiama. Anayeingia huko ni yule ambaye hakupatikana ndugu wa kumchukua. Hupata kitanda, chakula na mtu wa kumpeleka zahanati, na kwa aliyelala chini ya mwembe hayo si madogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba matunzo ni ya familia na jamii, na kwamba makazi ni kimbilio la mwisho. Katika sensa ya mwaka 2012 wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.5, asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Vitanda vya makazi yote nchini haviwezi kuwapokea hata walio wa mkoa mmoja. Kwa hiyo sera haikuwa na budi kusema hivyo. Familia ndiyo hospitali, ndiyo pensheni, ndiyo makao.

Inapendeza kukumbuka kwamba Butiama hiyo hiyo ndiyo alikozaliwa Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, Mwalimu alimtetea mzee wa Kiafrika anayeonekana amekaa tu bila kazi: alisema mzee huyo alikwisha kufanya kazi kwa bidii ujanani mwake, na mali anayoonekana kuwa nayo ni ya wote. Hoja ni nzuri. Lakini humo hakuna habari ya nani anambeba mzee huyo akishindwa kusimama.

Na ilitokea kwamba mwaka 1974 mambo mawili makubwa yaliukuta mkoa wetu kwa pamoja. Moja ni operesheni ya kuhamia vijijini. Boma la bibi lilibomolewa. Tukapangiwa kiwanja kwenye mstari, nyumba moja kwa kaya moja. Ule umbali wa hatua chache kati ya mlango wa mzee na mlango wa mkwe haukuwa na nafasi katika ramani. Mokamona aliijenga upya nyumba ndogo ya bibi ndani ya kiwanja kile kile, na bwana wa operesheni akamkaripia kwamba anaharibu mstari. Hakuibomoa. Jambo la pili ni Azimio la Musoma, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilikata shauri kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe darasani. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulilaumu azimio hilo, na mimi ni mmoja wa waliofaidika. Lakini mtoto aliyekwenda shule saa moja asubuhi ndiye yule aliyekuwa macho ya bibi. Hakuna aliyekaa kwenye mkutano ule akauliza mikono hiyo itafidiwa na nani, na nafasi ile iliangukia mgongoni kwa mwanamke yule yule.

Baadaye yakaja mengine. UKIMWI uliugeuza mzunguko kichwa chini, wazee wakawa ndio wanaowauguza watoto wao na kulea wajukuu yatima. Mgodi wa North Mara ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002 pale Nyamongo, vijana walikuwa na mahali pa kwenda karibu, lakini pa kurudi usiku wakiwa wamechoka.

Nimesema Wazungu huwapeleka wazee katika makao. Wao nao wameyachoka. Huko Oregon, Marekani, mama mmoja aitwaye Keren Brown Wilson alikuwa na mama yake aliyepooza akiwa bado hajafika uzee, akazunguka naye nyumba za wauguzi kwa miaka. Mama huyo aliomba mambo madogo: chumba chake, mlango wa kufunga, jiko lake dogo, vitu vyake mwenyewe. Mwaka 1983 Wilson alifungua jengo katika mji wa Portland ambapo kila mzee alikuwa na mlango wake na ufunguo wake, na msaada ukiwa karibu kwa yale tu asiyoyaweza. Mtindo huo umeenea Marekani nzima, na watu hulipa fedha nyingi kwa mwezi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Nyumba yako, moto wako, mlango wako, na mtu wa kukusaidia hatua chache kutoka hapo. Bibi yangu alikuwa navyo. Tofauti ni kwamba huko Portland anayemwogesha mzee hulipwa mshahara na jioni huenda kwake.

Wenzetu wa Zanzibar nao wana makao ya zamani, ya Welezo yaliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki na ya Sebleni yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini jambo lao kubwa ni jingine. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi au mvuvi, awe ana watoto au hana. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Hata hivyo mzee mwenye kitu mkononi, hata kama ni cha kununua sukari na sabuni, hukaa katika nyumba ya mwanawe kwa namna nyingine. Kwa mara ya kwanza fungu lake halikutegemea jinsia ya watoto aliowazaa.

Bibi alikufa mwaka 1987, akazikwa nyuma ya nyumba ile. Mokamona wake ndiye anayelala humo sasa. Amepita miaka 75. Wanawe wawili wa kiume wapo: mmoja yuko Nyamongo, mwingine Mwanza, na wote humtumia fedha kwa simu bila kukosa. Wake zao wako na waume zao. Mabinti wameolewa mbali. Katika yale mambo sita anayamudu manne. Kuoga na kuinuka asubuhi, magoti yakiwa yamekaza, humshinda. Niliwahi kumpeleka hospitali moja kwa ajili ya shinikizo la damu, tukaelekezwa dirisha la wazee, na dirishani tukaambiwa tusubiri mwenye dirisha. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nilimwuliza kama angependa kuja kwangu mjini. Aliniuliza huko mlango wake ungetazama wapi.

Analala naye mjukuu wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano. Ndiye anayemchotea maji akitoka shule na kumsugua mgongo. Siku za mtihani, maji hayaji hadi usiku.